Swali Linalohitaji Kitabu

Katika shule nyingi za sekondari Tanzania, mwanafunzi anaweza kufika kwenye mtihani wa kidato cha nne, akaandika insha ya kuridhisha kuhusu tamthilia ya Kiingereza, na asiwe amewahi kuifungua tamthilia yenyewe. Ana madesa, yaani muhtasari wa kukariri. Amekariri wahusika, dhamira, migogoro na mafunzo, kila kimoja na maelezo yake ya mistari miwili mitatu. Tumezoea kumwita mvivu. Kwa kweli anafanya jambo la busara: anasoma kile ambacho swali litamdai. Tukitaka asome kitabu, inatubidi tuanze na sisi walimu, kwa kubadili tunachouliza na tunachokipa alama.

Tazama jinsi maswali yenyewe yanavyoundwa. Mara nyingi mwanafunzi hutakiwa kutumia vitabu viwili na kutoa hoja tatu kutoka kila kimoja, kuhusu jambo pana: nafasi ya mwanamke, athari za mila, umaskini, rushwa. Swali pana kiasi hicho linajibika kwa muhtasari. Mwalimu naye, mbele ya rundo la madaftari, huhesabu. Hoja ipo, anaweka vema. Ya pili ipo, vema. Utangulizi upo, hitimisho lipo, jumla inaandikwa juu ya ukurasa. Kilichopimwa hapo ni kumbukumbu.

Chukua Three Suitors: One Husband, tamthilia ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kamerun, ambayo kwa miaka mingi imekuwamo kwenye orodha ya vitabu vya sekondari zetu. Juliette, binti msomi, anarudi kijijini, ambako wazee wanapokea mahari yake mara mbili: faranga 100,000 kutoka kwa Ndi, mkulima, na 200,000 kutoka kwa Mbia, mtumishi wa serikali. Hakuna aliyemuuliza anamtaka nani. Naye ana mchumba wake, Oko, mwanafunzi asiye na kitu mfukoni.

Ukiuliza Juliette anawakilishaje mwanamke anayepigania haki zake, madesa yatakujibu: ni jasiri, ni msomi, anapinga mila kandamizi. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalomlazimu mtu kusoma mchezo. Sasa uliza hivi: Juliette anakataa kuuzwa, inakuwaje basi anazichukua kwa siri zile faranga 300,000 na kumpa Oko akamlipie mahari? Je, ameishinda mila, au ameitii kwa ujanja?

Swali hili linamrudisha mwanafunzi kitabuni. Anayesema Juliette ameshinda atalazimika kuonyesha jinsi wazee wanavyonaswa na tamaa yao wenyewe, wakipokea fedha zilezile kutoka mkono mwingine. Anayesema ametii ataonyesha kwamba mwishoni mahari imelipwa, utaratibu umebaki palepale, na binti mwingine wa kijiji hicho atakutana na wazee walewale. Majibu yote mawili yanastahili alama za juu, mradi kila dai liwe na tukio la kulitetea. Jibu lisilo na tukio lipate alama kidogo, hata likiwa limeandikwa kwa Kiingereza kizuri.

Walimu wengi hujibu kwamba wanafunzi hawana Kiingereza cha kujadili mambo mazito namna hiyo. Ugumu huo upo. Wengi wao wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na ghafla wanatakiwa kufikiri na kutafuta maneno kwa wakati mmoja. Basi watenganishie kazi hizo mbili. Wape dakika 10 wabishane kwa Kiswahili, wawili wawili, kitabu kikiwa wazi mbele yao. Kisha waandike aya moja kwa Kiingereza. Wazo likishakomaa, linabaki pambano la lugha peke yake. Mwanafunzi anayezuiwa kufikiri kwa lugha anayoimudu hukimbilia sentensi za kukariri, kwa sababu hizo ndizo pekee anazoweza kuzisema bila kuaibika.

Tukishauliza vizuri, inabaki kazi ngumu zaidi: kusahihisha kwa haki. Mwaka 1961 Paul Diederich na wenzake, katika taasisi ya mitihani ya ETS huko Marekani, waliwapa wasomaji 53 insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo. Wasomaji hao walikuwa walimu wa Kiingereza, wa sayansi na wa masomo ya jamii, waandishi na wahariri, wanasheria, na watu wa biashara. Waliambiwa wazipange insha katika madaraja tisa kwa kuamua wenyewe ubora ni nini. Asilimia 94 ya insha hizo zilipata angalau madaraja saba tofauti, na hakuna hata moja iliyopata chini ya matano. Diederich alipochunguza maoni yao aligundua kwamba kila kundi lilikuwa linapima kitu chake: wengine mawazo, wengine makosa ya sarufi na tahajia, wengine mpangilio, wengine msamiati, wengine mvuto wa mwandishi.

Tofauti hiyo ipo hata katika vyumba vyetu vya walimu. Dawa yake ni kukubaliana vigezo kabla ya kushika kalamu, kisha walimu wawili au watatu wasahihishe insha tano zilezile, kila mmoja peke yake, na kujadili pale alama zao zilipoachana. Saa moja ya kazi hiyo mwanzoni mwa muhula inasaidia kuliko waraka mrefu wa maelekezo.

Vigezo vyenyewe vitenganishe fikra na lugha. Katika karatasi ya tatu ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, insha ya kitabu teule ina alama 20, na walimu hufundisha mgawanyo huu: utangulizi 2, hoja nne za alama 3 kila moja, hitimisho 2, lugha 4. Mgawanyo huo nao unahesabu hoja, lakini alama 3 kwa kila hoja zinaacha nafasi ya kudai ushahidi na ufafanuzi, na lugha ina fungu lake linalojulikana. Mtoto mwenye wazo zuri na sarufi mbovu hapotezi kila kitu, na mwenye sarufi safi isiyo na wazo hapati kila kitu.

Kuhusu makosa ya sarufi, kalamu nyekundu ipunguze kasi. Mwaka 1986 George Hillocks alilinganisha tafiti nyingi za ufundishaji wa uandishi na kuona kwamba kufundisha sarufi peke yake, nje ya uandishi wenyewe, hakuinui ubora wa insha. Vivyo hivyo, ukurasa wenye maduara mekundu 40 hauwezi kumfundisha mwanafunzi mambo 40. Chagua aina moja au mbili za makosa, tuseme nyakati za vitenzi, zionyeshe, na uziache nyingine kwa insha ijayo.

Halafu usiandike alama mapema. Ruth Butler, katika utafiti alioutoa mwaka 1988, aliwapa wanafunzi wengine alama tu, wengine maoni tu, na wengine vyote viwili. Waliopata maoni peke yake ndio walioendelea vizuri na kubaki na hamu. Maoni yaliyoambatana na alama hayakuleta faida hiyo. Kwa hiyo rasimu ya kwanza irudi na maoni mawili tu: jambo alilofanya vizuri na jambo la kurekebisha, kwa maneno anayoweza kuyatekeleza. “Onyesha tukio linalothibitisha hili” linatekelezeka, “jitahidi” halitekelezeki. Alama ije baada ya rasimu ya pili.

Mwalimu mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi 60 ana insha 180, na ana haki ya kuuliza muda atautoa wapi. Aupate kwa kusahihisha kidogo lakini kwa kina. Aya moja kila wiki inatosha. Wanafunzi wasomeane na kukaguana kwa vigezo vilevile, mwalimu apitie kwa zamu mkondo mmoja kwa wiki, na insha nzima iandikwe mara mbili kwa muhula. Wakuu wa shule nao waache kumpima mwalimu wa Kiingereza kwa wingi wa mazoezi yaliyowekwa alama kwenye madaftari, na badala ya kununua madesa wanunue nakala za vitabu vyenyewe, hata kama ni moja kwa wanafunzi watatu.

Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji kusubiri mtaala mpya. Mwalimu anaweza kuanza na somo lijalo: aandike ubaoni swali moja ambalo yeye mwenyewe hawezi kulijibu bila kufungua kitabu, na awape wanafunzi vitabu wakati wanalijibu.