Ahadi Kabla ya Hadithi

Mwaka 1960, mwanafunzi mmoja wa Makerere, Kampala, alimsimamisha mwenzake chuoni, akamwambia ameandika hadithi fupi na angependa aipitie. Hadithi yenyewe haikuwapo. Aliyesimamishwa ni Jonathan Kariara, mmoja wa wanafunzi walioshughulikia Penpoint, jarida la Idara ya Kiingereza. Aliyeahidi ni Ngũgĩ wa Thiong'o, enzi hizo akiitwa James Ngugi. Kariara alikubali kusoma, na tangu hapo Ngũgĩ akawa na deni. Akakaa akaandika. Ndivyo ilivyozaliwa "The Fig Tree", iliyotoka katika Penpoint.

Nafundisha uandishi wa kubuni, na kwangu kisa hiki kina uzito kuliko nasaha nyingi kuhusu kipaji. Mwanafunzi ana mihadhara, mitihani na insha za kukabidhi kwa tarehe. Hadithi yake peke yake haina anayeidai. Kwa hiyo huahirishwa hadi likizo, na likizo nayo ina shughuli za nyumbani. Msomaji akishaahidiwa hadithi, nayo hupata tarehe, na tarehe humlazimisha mtunzi afanye lile analoliogopa zaidi: kumaliza rasimu mbaya ili apate kitu cha kurekebisha.

Tazama jinsi Ngũgĩ alivyoendelea kujifunga kwa madeni ya namna hiyo. The River Between, riwaya yake ya kwanza kuiandika, aliitungia shindano la East African Literature Bureau. Tamthilia ya The Black Hermit ilingojewa na jukwaa la Kampala mwaka 1962, Uganda ikisherehekea uhuru. Juu ya hayo aliandikia magazeti ya Nairobi, kazi isiyosubiri mtu aamke na ari. Mkutano wa waandishi wa Afrika ulipofanyika Makerere Juni 1962, hadithi fupi mbili tu zilizochapishwa zilitosha kumwingiza ukumbini. Humo alimwonyesha mwandishi wa Nigeria Chinua Achebe mswada wa riwaya ya Weep Not, Child, uliochapishwa mwaka 1964.

Malighafi aliitoa kwao Limuru, Kenya. "The Return", moja ya hadithi zile mbili, inamfuata mtu anayerudi kijijini kutoka kizuizini wakati wa Hali ya Hatari ya enzi za ukoloni. Naamini umbali wa Kampala ulimfaa: mwanafunzi aliye mbali na kwao huanza kuona mambo aliyoyazoea mno. Ndiyo maana huwahimiza wanafunzi wangu waandike maelezo mafupi kila wanaporudi kutoka likizo, kabla sauti za nyumbani hazijafifia: nani alisema nini, kwa maneno gani, na nani alinyamaza.

Lakini Ngũgĩ mwenyewe alikuja kuuliza, na swali lake bado linauma: iweje mwanafunzi mwenye hadithi mbili za Kiingereza astahili mwaliko wa mkutano ule, na Shaaban Robert, mtunzi wa Kiswahili, asistahili? Mtunzi kijana wa Kiswahili anahitaji mlango kama ule wa Penpoint. Euphrase Kezilahabi alihitimu Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka uliofuata riwaya yake ya Kiswahili, Rosa Mistika, ikachapishwa. Wako wengine kama yeye mabwenini sasa hivi. Idara za Kiswahili zinaweza kuwapa jarida, hata la kurasa chache za kutoa nakala, mradi litoke kila muhula kwa tarehe inayojulikana na liwe na mhariri mwanafunzi anayepita vyumbani kudai hadithi alizoahidiwa.