Je, Ubongo wa Binadamu Huihisi Sumaku ya Dunia?

Dunia ni sumaku kubwa. Uga wake hupenya kuta na miili yetu usiku na mchana, ingawa ni hafifu: mikrotesla 25 hadi 65 tu. Ndege wahamao huutumia kama dira, jambo lililoonyeshwa na Wolfgang Wiltschko huko Frankfurt, Ujerumani, katika miaka ya 1960. Je, binadamu naye?

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Robin Baker wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, aliwasafirisha wanafunzi kwa basi, wamefungwa vitambaa machoni. Baadhi walivikwa sumaku kichwani. Wengine, metali isiyo na usumaku. Kila mmoja alitakiwa kuonyesha upande alikotoka. Baker alidai kuwa waliovaa sumaku walikosea zaidi. Wataalamu wa Princeton, Marekani, walipolirudia jaribio, hawakupata matokeo hayo. Dai lisiloweza kurudiwa hubaki dai.

Mwaka 2019 kundi la Joseph Kirschvink, katika Taasisi ya Teknolojia ya California, lilibadili swali. Badala ya kumwuliza mtu anahisi nini, lilipima ubongo wenyewe. Mtu aliketi gizani, kimya, katika chumba kilichokingwa dhidi ya mawimbi ya redio, elektrodi zikiwa kichwani. Nyaya ziliugeuza uga wenye nguvu sawa na ule wa mahali pale. Uga ulioinamia chini ulipozungushwa kinyume cha mwendo wa saa, mawimbi ya alfa, yaani mitetemo ya umeme ya ubongo uliotulia, yalipungua katika baadhi ya watu hadi asilimia 60 hivi. Wenyewe hawakutambua lolote.

Hata hivyo, ubongo kuitikia si sawa na mtu kuijua njia. Kiungo chenyewe cha kuhisi hakijapatikana. Mwaka 1992 Kirschvink alionyesha kuwa ubongo wa binadamu una fuwele ndogo mno za magnetiti, oksaidi ya chuma yenye usumaku. Lakini utafiti wa Uingereza wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chembe nyingine za namna hiyo yaelekea huingia kutoka hewa chafu ya mijini.

Kwetu lipo swali la ziada. Huko California ncha ya kaskazini ya sindano ya sumaku huinamia chini. Tanzania, iliyo kusini mwa ikweta ya sumaku, ncha hiyo huinuka. Katika jaribio la 2019 uga ulioelekea juu haukuleta mwitikio. Je, ingekuwa hivyo kwa mtu aliyekulia Dodoma? Jibu lataka vipimo vya hapa. Mwalimu aweza kuanza na sindano iliyosawazishwa kwenye uzi, kisha ikasuguliwa kwa sumaku: wanafunzi watauona mwinuko huo kwa macho yao.