Kikohozi Kisichokoma (2): Bakteria Waliojijengea Ngome Mapafuni

Wiki iliyopita tuliishia kwa mgonjwa ambaye kila tabibu wa zahanati anamfahamu. Kamaliza dawa za kifua kikuu, maabara haioni tena vimelea, lakini kila akiamka anakohoa makohozi mazito ya kijani. Majirani wananong'ona kuwa TB imerudi, au karogwa. Mara nyingi si hili wala lile.

TB ikipona huacha makovu. Mirija ya hewa iliyovutwa na kovu hupanuka, na vinyweleo vyake vinavyofagia ute kuupandisha kooni hufa. Ute ukituama, bakteria wengine huhamia. Mchimbaji aliyevuta vumbi la mwamba yumo hatarini zaidi, kwani vumbi hilo huifungulia TB mlango; na wilaya ya Iramba, ambako wilaya ya Mkalama ilimegwa, imechimba dhahabu Sekenke tangu enzi za Mjerumani.

Ili kuelewa bakteria hao waliohamia huishije, msomaji wa Kinyangiri, Mkalama, anayekinga maji ya mvua kwenye simtanki na apitishe kidole ukutani mwa tangi, ndani. Utelezi atakaougusa ni bakteria waliojishikiza pamoja na ute waliojitengenezea. Wataalamu huuita utando wa bakteria. Vitabu vyetu vya sekondari humchora bakteria kama kijiti kipweke chenye mkia, na picha hiyo imetupotosha sana: walio wengi huishi kwa makundi namna hii.

Mapafuni fundi mkubwa wa kazi hiyo ni Pseudomonas aeruginosa, ingawa rangi ya kijani ya makohozi mara nyingi hutokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana naye. Wachache hunata ukutani mwa mrija, huzaana, na kila mmoja hutoa kemikali ya kupashana habari. Kemikali hiyo ikizidi kiwango fulani, wote hujua kuwa wametimia, nao hubadili mwenendo kwa pamoja. Utando hunenepa. Walio ndani kabisa hukosa oksijeni, wakalala bila kukua. Hapo ndipo dawa inaposhindwa, kwa kuwa antibayotiki nyingi huua bakteria anayekua, na aliyelala hupona. Dozi inayowamaliza bakteria wanaoelea kwenye chupa ya maabara huenda ikahitaji kuzidishwa mara mia au hata elfu ili iwafikie hawa. Chembe nyeupe za damu nazo huja kwa wingi, zikashindwa kuwameza, zikapasuka na kumwaga vimeng'enya vinavyolila pafu lenyewe.

Haya yalijulikana kwanza kwa wagonjwa wengine kabisa. Huko Copenhagen, miaka ya 1970, Niels Høiby aliona mabonge ya bakteria hao katika makohozi ya wenye sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute uwe mzito na jasho liwe na chumvi kupita kiasi. Jeni lake liligunduliwa mwaka 1989. Wengi huuhesabu kuwa ugonjwa wa Wazungu, na mimi sikubaliani nao: ipo hitilafu ya jeni hilo, 3120+1G>A, inayopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Mtoto asiyenenepa, anayekohoa mwaka mzima, na ambaye mama akimbusu anaonja chumvi, anastahili kupelekwa hospitali ya rufaa.

Tukirudi kwa mgonjwa wetu: amoksilini anayonunua duka la dawa vidonge vichache vichache haimsaidii, maana tangu asili dawa hiyo haimdhuru Pseudomonas. Aombe makohozi yaoteshwe maabara ili dawa ichaguliwe kwa ushahidi. Tobramaisini ya kuvuta kwa pumzi ipo duniani, ila bei yake si ya mkulima wa alizeti.

Kuutoa ute, hata hivyo, hakuhitaji fedha. Mtaalamu wa viungo atamwonyesha mgonjwa alaleje ili upande ulioathirika uwe juu, avute pumzi ndefu, kisha aitoe kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, kama anayetia ukungu kioo. Afanye kabla ya kula, asubuhi na jioni. Anayekohoa damu asijaribu. Aende hospitali kwanza.