NANI ATATUFUMIA PROGRAMU ZETU?

Huenda uzi wa shati ulilovaa Jumapili hii ulitoka katika shamba la mkulima wa Sapiwi, wilayani Bariadi. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, ndio unaoongoza nchini kwa zao la pamba. Pamba hiyo huchambuliwa mbegu, hufungwa marobota, kisha sehemu iliyo kubwa husafirishwa nje ikiwa bado ni nyuzi. Hurudi kwetu ikiwa nguo, nasi huinunua kwa bei apendayo mwenye kiwanda. Jambo hili twalijua tangu utoto wetu, na Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, nia ilikuwa ni kulikomesha.

Leo napenda tulitazame jambo lilo hilo katika bidhaa isiyoshikika kwa mkono, yaani programu za kompyuta. Programu ni maagizo yaliyoandikwa na binadamu ili mashine ipate kuhesabu, kukumbuka na kulipa. Pasipo maagizo hayo kompyuta ni sanduku tu. (Wataalamu wa lugha walitupa neno "ngamizi", wengine "tarakilishi", lakini wananchi wameendelea kusema kompyuta, nami nawafuata.) Ununuapo umeme kwa simu, au upokeapo mshahara wako benki, programu iko kazini. Na kwa nyingi miongoni mwa programu hizo, kuna ada inayokwenda ng'ambo kwa fedha za kigeni. Mkulima wa Sapiwi huchangia kuilipa kwa pamba yake, ingawa hajapata kuiona ankara.

Nchi yetu haikuchelewa kuzifahamu mashine hizi. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru. Lakini mashine ilikuja pamoja na wataalamu wake kutoka nje, na maarifa yalibaki vichwani mwao. Hesabu zilivurugika, gharama zikapanda, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali maalumu. Wapo wanaoicheka amri ile. Mimi sioni cha kuchekesha. Nchi maskini ilikuwa ikitumia fedha zake chache kwa chombo isichoweza kukiendesha wala kukitengeneza. Kosa lake lilikuwa upande mwingine: mlango wa mashine ulifungwa, na shule ya kuwafunza vijana wetu kuziandikia programu haikufunguliwa kwa kiasi kilichotosha.

Tazama walivyofanya wenzetu wa India katika miaka iyo hiyo. Kampuni kubwa ya Kimarekani ya IBM ilipofungasha virago na kuondoka mwaka 1978, mashine zake zilihitaji mwangalizi, na kazi hiyo ikapewa CMC, kampuni ya Serikali ya India iliyoundwa mwaka 1975. Mafundi wake walijifunza kwa kutengeneza vya wengine. Miaka michache baadaye Shirika la Reli likawapa kazi nzito, programu ya kuuza tiketi na kuwekea abiria nafasi, ambayo ilianza kutumika Delhi katikati ya miaka ya 1980. Ebu fikiri uzito wa kazi ile: abiria wengi ajabu, foleni za kutwa nzima, na treni zisizoweza kusimama kungoja programu irekebishwe. Aliyefuzu mtihani huo hakuwa na haja ya kumwogopa mteja wa London au New York. Watu husifu elimu ya Wahindi na Kiingereza chao, na ni kweli vilisaidia, lakini mteja wa nyumbani aliyewaamini alitangulia.

Hapa Afrika Mashariki tumeona kinyume chake. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, dunia nzima ilistaajabu. Desturi ya kutuma fedha kijijini ilikuwa yetu, mawakala walikuwa wetu, na wateja vivyo hivyo. Programu yenyewe, hata hivyo, iliandikwa Uingereza kwa ajili ya Vodafone, na mitambo iliyoiendesha ilikaa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Ilipofika mwaka 2020 ndipo Safaricom na Vodacom ziliponunua jina na haki zake kutoka kwa Vodafone. Marobota yetu, kitambaa chao.

Tusikate tamaa lakini, kwani nyumbani mambo yamekwisha kuanza. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mfumo wa kulipia huduma za Serikali, ule unaokupa namba ya malipo uendapo kulipa ada au faini, ulianza mwaka 2017 na ni kazi ya wataalamu wa Kitanzania. Vivyo hivyo mfumo wa ununuzi wa umma, NeST, ulioshika mwaka 2023 nafasi ya ule uliotengenezwa na kampuni ya kigeni. Hizi si kazi ndogo, na waliozifanya wanastahili pongezi.

Hata hivyo nina shaka moja. Mifumo hii imeandikwa na watumishi wa Serikali ndani ya ofisi za Serikali. Imeokoa fedha, na siri za nchi zimebaki nchini, lakini mtumishi wa wizara hatauza programu yake Lusaka wala Kampala. Kampuni changa za vijana wetu ndizo zingeweza kufanya biashara hiyo, nazo hubaki kuchungulia dirishani. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kina ndaki nzima ya elimu ya kompyuta. Wahitimu wake waende wapi? Wakienda benki kuomba mkopo wataulizwa hati ya nyumba, kwa maana programu haiwezi kuwekwa rehani. Wengine hutafuta mtaji Marekani, na mwenye mtaji huwataka waandikishe kampuni huko huko. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo. Yafaa sehemu ya fungu hilo iwe ni kuandika programu, isiishie kwenye viti, karatasi na chakula cha semina.

Turudi Sapiwi, kwenye mizani ya chama cha ushirika. Mkulima analeta pamba yake. Yapasa kupima kilo, kuandika jina, kutoa makato, kumpa stakabadhi na kumlipa. Programu ya kazi hiyo hapana budi iendeshwe kwa simu ya bei nafuu, iendelee kufanya kazi mtandao unapokatika, na izungumze Kiswahili ambacho katibu wa chama hahitaji kukitafsiri. Zaidi ya yote, imwonyeshe mkulima kilo zake kabla hajaondoka mizanini, maana hapo ndipo ugomvi wa miaka yote unapozaliwa. Fundi aliye mbali, asiyepata kusimama katika foleni ya kuuza pamba, hatalijua hilo la mwisho. Kijana aliyekulia Bariadi analijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

Na programu hiyo ikiivya kazi Simiyu kwa misimu miwili mitatu, wakulima wa pamba wa Uganda, Zambia na Msumbiji nao wana mizani na wana ugomvi kama wetu. Wa Msumbiji wataitaka kwa Kireno, na kwa aliyeiandika hiyo ni kazi ya majuma machache tu.