Mtoto Anapouliza "Kwa Nini?"

Huenda msomaji akashangaa kuona ukurasa wa afya unazungumzia mashindano ya sayansi ya wanafunzi. Tunayo sababu. Maswali mengi mazuri ya utafiti yamo majumbani mwetu, katika chakula, maji na magonjwa yanayotusumbua Kilosa na Mikumi. Tena, mtoto anayewania nafasi inayogombewa na wengi anahitaji wazazi wa kumtunza mwili na moyo.

Mpango wenyewe

Maonyesho ya kwanza ya wanasayansi vijana wa Ayalandi yalifanyika Dublin mwaka 1965. Yalianzishwa na walimu wawili wa fizikia, Tom Burke, padre Mkarmeli, na mwenzake Tony Scott. Kwa kufuata mfano huo, mwaka 2011 ulianzishwa mpango wa Young Scientists Tanzania, na maonyesho yake ya kwanza yakafanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Wanafunzi wa sekondari, wakiongozwa na mwalimu wao, hupeleka wazo la utafiti. Wanaochaguliwa huonyesha kazi yao mbele ya majaji.

Wazazi wengi hudhani nafasi hizo ni za shule zenye maabara kubwa tu. Tumkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friza ili atengeneze aiskrimu, nayo yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza kwa nini, alichekwa. Hakuacha kuuliza. Mwaka 1969 swali lake lilichapishwa pamoja na utafiti alioufanya na Profesa Denis Osborne, na leo linajulikana dunia nzima kwa jina lake.

Swali lililo uani kwetu

Likizo ya Juni huja wakati wa mavuno. Mahindi yakihifadhiwa yakiwa mabichi huota ukungu, na aina fulani za ukungu hutoa sumukuvu, ambayo huharibu ini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi mwanafunzi anaweza kuuliza hivi: mahindi yaliyoanikwa juu ya turubai na yaliyoanikwa ardhini, yapi hukauka mapema?

Kipimo chake ni rahisi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia mahindi kiasi na chumvi iliyokauka vizuri. Tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana unyevu na hayafai kuwekwa ghalani. Kwa ushauri zaidi, mwalimu anaweza kuwapeleka wanafunzi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, karibu na mji wa Kilosa.

Mzazi afanye nini?

1. Ampe muda. Binti anayechota maji, kutafuta kuni na kulea wadogo zake hushika daftari usiku akiwa amechoka. Kazi za nyumbani zigawanywe, kaka naye ashiriki.

2. Amhimize kuandika kila siku tarehe, kipimo na alichokiona, hata kama matokeo si yale aliyoyatazamia. Majaji huuliza maswali, na daftari ndilo shahidi wake.

3. Aangalie usalama. Mtoto asionje mahindi yenye ukungu wala asiwape kuku. Ajue pia kwamba sumukuvu haionekani kwa macho, huthibitishwa maabara. Na asijaribu dawa yoyote kwa watu.

4. Asimfanyie kazi hiyo. Kazi ya mzazi hujulikana mara mtoto anapoulizwa.

Asipochaguliwa

Wengi hawatachaguliwa. Tusiwacheke wala kuwalinganisha na watoto wa jirani. Huzuni ya siku chache ni ya kawaida. Lakini mtoto akikosa usingizi, akikataa chakula au kujitenga kwa wiki mbili, tuzungumze naye kwa upole, tumwone mwalimu wake, na tumpeleke kituo cha afya.

Daftari lake lisitupwe. Hata bila cheti, nyumba hiyo sasa inajua mahindi yake yamekauka au la, na watoto wake watakula ugali salama. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Jioni ya leo mtoto akiuliza "kwa nini?", tusimnyamazishe.