Majengo, Siasa za Dunia Ziko Mlangoni

Hapa Nanyuki, lori za jeshi la Uingereza zikipita, wasee wa Majengo hata hawageuki. Kambi yao, BATUK, iko hapa tu, na mtaani wanajeshi wake tunawaita majoni. Alafu msee wa hapa ako campo, anasomea uhusiano wa kimataifa, anataka intanshipu ng'ambo, na barua yake inaanza: "Tangu utotoni nimetamani kutumikia dunia." Maze, toa hiyo laini. Kila mtu ashaiandika.

Andika chenye umeishi. Agnes Wanjiru, dem wa miaka 21, aliuawa hapa Nanyuki 2012. Mwili wake ulipatikana kwa tangi la maji taka la hoteli. 2019 hakimu akasema aliuawa na wanajeshi wa Uingereza. 2021 Kenya na Uingereza wakasaini mkataba mpya wa ulinzi, na swali la nani anahukumu joni akiua raia likapelekwa bunge. 2024 kamati ya bunge ikakuja Laikipia kusikiza watu. Septemba 2025 Mahakama Kuu ikatoa waranti ya kushika Muingereza mmoja juu ya hiyo kesi.

Hiyo ndio siasa ya kimataifa yenyewe: korti ya nani, kinga ya nani, na mshukiwa anarudishwa aje. Wengine wanaisoma kwa kitabu. Wewe umeiskia wamathe wakiibonga kwa kibanda cha mboga, sauti chini. Eleza chenye waliuliza, kisha usome ule mkataba wote na uonyeshe kifungu chenye kinawajibu ama kinawaruka. Na ubonge juu ya Wanjiru kwa heshima. Alikuwa mtoto wa watu na mamake mtoi mchanga, si chambo ya kukupea nafasi.

Sasa ganji. Intanshipu ya Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa inachukua miezi 2 hadi 6, na hailipi. Ndege, viza, bima, keja, zote ni juu yako. 2015 intani mmoja kutoka New Zealand alijulikana dunia nzima juu alikuwa analala kwa hema huko Geneva. Kwa hivyo kabla utume maombi, uliza kama kuna posho. Shirika la Kazi Duniani, ILO, linapea maintani wake posho. Umoja wa Afrika nao uko na programu ya vijana wa kujitolea tangu 2010: miaka 18 hadi 35, kazi ya miezi 12 kwa nchi ingine ya Afrika, na posho iko. Makao ya huo Umoja ni Addis Ababa, na Mkenya hahitaji viza kuingia Ethiopia. Ng'ambo si lazima iwe Ulaya.

Kama bado mfuko umetoboka, ita mchango bila aibu. Wangari Maathai, msichana wa Ihithe, Nyeri, alienda Kansas 1960 kwa zile ndege Tom Mboya alipanga kupeleka wanafunzi Amerika. Wengi wa hao wanafunzi walichangiwa na watu wa kwao, wengine wakiuza mbuzi. Mlima Kenya inajua hii kazi kitambo.

Karatasi ndio huangusha wengi. Shika cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, weka pamoja, soma herufi kwa herufi. Kama moja inasema Njoroge na ingine Njorogeh, rekebisha saa hii, si wiki ya safari. Pasi inaombwa kwa eCitizen na wanataka vitambulisho vya wazazi, so kama buda alipotea kitambo, ulizia mapema utafanya aje. Chanjo ya homa ya manjano dungwa angalau siku 10 kabla ya kupanda ndege, juu kadi yake huanza kufanya kazi hapo. Hiyo kadi ni ya maisha.

Ukifika, utapata mezani watu wanabonga kuhusu kambi za kigeni Afrika kama namba kwa ramani. Inua mkono. Waambie mkataba unakaa aje kwa mtu mwenye analala karibu na ua wa kambi. Ukimaliza, rudi na ulete vile mikataba huandikwa, ndio Majengo iache kungoja kuambiwa na ianze kuuliza.