Pawatila na Tela: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Kamati kadhaa za sharika zimetuomba tuzisaidie kupata pawatila, na baadhi ya wafadhili wameuliza kwa nini pasinunuliwe kirikuu badala yake. Tunajibu kwa mfano wa Unguja, ambako chombo hiki kinafahamika katika mabonde ya mpunga kama Cheju na Kibokwa.

Mkulima anayetegemea mvua hana siku nyingi. Shamba linatakiwa liwe tayari masika yanapoanza mwezi Machi. Trekta linalozungushwa bonde hadi bonde likichelewa, mbegu nayo huchelewa, na mvua hukatika mpunga haujakomaa. Hapa kirikuu (Unguja huitwa keri) haina msaada. Pawatila, yenye injini ya dizeli ya silinda moja na nguvu za farasi 10 hadi 15 hivi, huingia katika majaruba madogo ambamo trekta haliwezi hata kugeuka.

Hata hivyo, kazi yake hasa ni kuburuga. Udongo wa kinamo ukishakauka, visu huruka juu juu tu, kwa hiyo trekta litangulie au maji yaulainishe kwanza. Maweni ya kusini na mashariki, kama Makunduchi na Paje, isipelekwe kulima kabisa.

Baada ya mavuno hufungwa tela, ikabeba magunia, samadi na kuni. Mwendo wake ni kama kilomita 15 kwa saa, hivyo kuipeleka hadi soko la Darajani, Mji Mkongwe, ni kupoteza dizeli na siku nzima. Mzigo wa mjini ipewe hiyo keri. Magurudumu ya chuma yabadilishwe kabla ya kutoka shambani, kwani huchimba barabara.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni dereva. Pawatila haina usukani. Hukata kona kwa kubana klachi ya upande unaokwenda. Kwenye mteremko mambo hugeuka: gurudumu lililoachiwa na klachi huserereka mbele, likisukumwa na mzigo wa tela, na chombo hupinda upande wa pili. Tumewaona vijana hodari wa bodaboda wakishangazwa na jambo hili. Dawa yake ni kuweka gia ndogo kabla ya kuteremka, kutogusa klachi za pembeni, na kuelekeza kwa kusukuma mikono ya chombo taratibu.

Kwa sababu hiyo, maombi yataje madereva wawili watakaofundishwa, utaratibu wa nani analimiwa kwanza, bei ya kila jaruba, na mtu atakayetunza fedha za mikanda, oili na visu. Swali la zamu lijibiwe kwa maandishi kabla ya Februari, maana mvua ikishaanza kila mtu hudai ni zamu yake.